Bango ni la kampuni, mwajiri ni mwenye tawi: kwa anayetaka kufundisha Kiingereza Korea Kusini

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimekulia Minneapolis na sasa ni raia wa Marekani. Shahada yangu ya kwanza nimeipata hukuhuku. Nimepewa mkataba wa kufundisha Kiingereza Daejeon, Korea Kusini, kwenye tawi la mtandao mkubwa wa shule za lugha ambao jina lake liko kila mahali. Mshahara ni won milioni 2.3 kwa mwezi, nyumba bure, tiketi ya ndege, na "bonasi" ya mshahara wa mwezi mmoja nikimaliza. Kazi ni saa 7 mchana hadi saa 4 usiku, na vipindi vya kufundisha saa 30 kwa wiki. Naambiwa jina kubwa ni usalama. Ni kweli? Walinihoji kwa simu tu. Mimi ni mweusi na navaa hijabu, sijui kama hilo ni tatizo. Na mdogo wangu wa Dar, mwenye pasipoti ya Tanzania na shahada ya ualimu, anataka kunifuata. Afanyeje? — Z.

JIBU: Dada Z., umefanya vizuri kunitumia mkataba mzima. Wengi hunitumia ukurasa wa mshahara tu, halafu wanataka niwaambie waende au wasiende.

Usiutie saini ulivyo. Nimeona mikataba mibaya kuliko huu, lakini huu una kasoro moja ambayo imejificha kwenye tarehe. Unaanza 3 Machi 2026 na unaisha 26 Februari 2027. Hesabu siku zake: hautimizi mwaka. Sheria ya kazi ya Korea inampa kiinua mgongo kila mfanyakazi aliyetimiza mwaka mmoja kazini, angalau malipo ya siku 30 kwa kila mwaka wa kazi, na mwajiri anatakiwa kulipa ndani ya siku 14 tangu uondoke. Hiyo "bonasi" uliyoahidiwa ndiyo kiinua mgongo chenyewe, kimevalishwa kanzu nyingine. Ungekuwa na mkataba wa mwaka kamili, ingekuwa haki yako hata kama haikuandikwa popote. Kwa tarehe hizi inabaki kuwa hisani, tena kifungu chako kinasema italipwa "kwa ridhaa ya shule". Waombe wasogeze mwisho hadi 2 Machi 2027. Wakikubali bila maneno, yawezekana ilikuwa kalenda ya muhula tu, maana mwaka wa masomo Korea huanza Machi. Wakianza kuzungukazunguka, umeshapata jibu.

Sasa hilo la jina kubwa. Shule hizi za binafsi Wakorea huziita hagwoni, na zipo za kila kitu: hesabu, piano, taekwondo, Kiingereza. Mtandao kama wako kwa kawaida una matawi ya aina mbili. Kuna yanayoendeshwa na makao makuu yenyewe, na kuna ya franchaizi, ambapo mtu binafsi amenunua haki ya kutumia jina, vitabu na mtaala, kisha anapangisha ghorofa, anaajiri, analipa. Wewe unamjua wakala wa M-Pesa: bango ni la kampuni, lakini duka ni la mtu, na fedha ikipungua dukani kampuni haiji kuijaza. Tawi la franchaizi liko hivyo. Mwajiri wako ni yule mkurugenzi wa tawi, kwa jina lake na kwa namba yake ya usajili wa biashara. Akikwama kulipa mshahara, makao makuu ya Seoul yatakujibu kwa upole kabisa kwamba ninyi hamkuwa na mkataba nao.

Angalia ukurasa wa mwisho wa mkataba wako. Penye saini hakuna jina la kampuni kubwa, kuna jina la mtu na la tawi. Kwa hiyo hili ni la franchaizi. Si kosa. Wapo wenye matawi waungwana kuliko makao makuu yoyote, na baadhi ya walimu wangu niliowashauri wamekaa na mwajiri mmoja wa namna hiyo miaka mingi. Ila maana yake ni kwamba sifa za jina hazikusaidii kitu, na uchunguzi wako wote uelekee kwa huyo mtu mmoja.

Kuna mahali pa kuanzia ambapo walimu wageni karibu wote hawapajui. Korea ina sheria ya biashara za franchaizi tangu 2002, na Tume ya Biashara ya Haki ya nchi hiyo huweka mtandaoni taarifa za kila mtandao uliosajiliwa, kwa ajili ya wale wanaotaka kununua tawi. Humo unakuta mtandao una matawi mangapi ya franchaizi na mangapi ya makao makuu, mapya yalifunguliwa mangapi mwaka uliopita, na mangapi yalivunja mkataba. Ni kwa Kikorea, lakini programu ya kutafsiri inatosha, maana unachotafuta ni tarakimu. Mtandao ambao matawi yake yanapukutika mwaka hadi mwaka unakuambia hali ya wenye matawi kabla hujapanda ndege.

Na yanapukutika kwa sababu. Wazazi wa Korea bado wanamwaga fedha: mwaka 2024 masomo ya ziada ya wanafunzi wa shule yaligharimu won trilioni 29.2, na wanafunzi wanane kati ya kumi walikuwa wanasoma masomo hayo. Tatizo ni watoto wenyewe. Mwaka 2023 kiwango cha uzazi kilishuka hadi 0.72 kwa mwanamke, cha chini kuliko nchi nyingine yoyote. Kwa hiyo fedha zipo, vichwa vya kufundisha vinapungua, na mtaa mmoja kama Dunsan hapo Daejeon unaweza kuwa na hagwoni za Kiingereza zinazogombania watoto walewale wa majengo yaleyale ya ghorofa. Mwenye tawi aliyekopa ili anunue jina na kupamba madarasa anaanza kubanwa, na wa kwanza kubanwa naye ni mwalimu mgeni, kwa kuwa ndiye gharama kubwa na ndiye asiyejua pa kushtaki. Asikudanganye mtu kwamba jina kubwa halianguki: jirani hapo Japani, NOVA ilikuwa mtandao mkubwa kuliko yote ya shule za Kiingereza, na Oktoba 2007 ilifilisika ikawaacha maelfu ya walimu wageni bila mishahara.

Omba kuongea na mwalimu unayekwenda kuchukua nafasi yake, kwa simu, mkurugenzi asiwepo. Usimuulize kama anaipenda kazi. Muulize mshahara huingia tarehe ngapi, na miezi mitatu iliyopita uliingia tarehe ngapi. Muulize anaondoka kwa nini mwezi huu na si mwezi ujao, maana kuna mchezo mchafu unaojulikana sana wa kumfukuza mwalimu akiwa na miezi 11 kazini ili asifikie kiinua mgongo. Wakisema mwalimu huyo "ameshaondoka" na hakuna mwingine wa kuongea naye, kaa chonjo. Wakala aliyekuunganisha na shule hii ni mtu mzuri, sikatai, lakini analipwa na shule kwa kila mwalimu anayefika. (Akikudai wewe fedha, achana naye palepale. Korea anayemlipa wakala ni shule.)

Kwenye mshahara, nitatumia penseli kidogo. Mwaka 2026 kima cha chini ni won 10,320 kwa saa. Kwa mtu wa saa 40 kwa wiki, ukiweka na siku ya mapumziko inayolipwa, sheria inahesabu saa 209 kwa mwezi, yaani won 2,156,880. Wewe unapewa 2,300,000. Umewazidi wa kima cha chini kwa won 143,120, basi. Nyumba ndiyo inayoupa mkataba huu uzito, lakini usijione umeokota dodo chini ya mnazi. Mishahara ya hagwoni ilisimama palepale miaka mingi huku kima cha chini kikipanda kuifuata.

Kuhusu "saa 30 za kufundisha": uliza saa ni nini. Kipindi cha hagwoni mara nyingi ni dakika 40. Shule inayohesabu kipindi kimoja kuwa saa moja itakupa vipindi 30 kwa wiki, sita kwa siku, kazi ya kawaida. Inayojumlisha dakika hadi zitimie 60 itakupa vipindi 45, tisa kwa siku. Mkataba ni uleule, maneno ni yaleyale, na mwili wako hautakuwa uleule. Kwenye mkataba wako halikufafanuliwa. Liandikwe idadi ya vipindi na urefu wa kipindi.

Tisa kwa siku maana yake nini? Saa 9 kasoro alasiri magari madogo ya manjano yanashusha watoto wa darasa la kwanza na la pili, wametoka shule, wengine wameshapita hagwoni ya hesabu. Unaingia na kitabu chenye nembo ya mtandao, ukurasa wa leo umeshapangwa na makao makuu, hutakiwi kuruka wala kubaki nyuma, kwa sababu mama atafungua kitabu nyumbani na kuhesabu kurasa zilizojazwa. Kwenye kona ya darasa kuna kamera, na sebuleni kwa mapokezi kuna skrini. Mwalimu mwenzako wa Kikorea anafundisha sarufi, anasahihisha, na usiku anapiga simu kwa wazazi. Wewe ni sauti na sura. Kengele inalia, dakika tano, darasa jingine, wimbo uleule. Jioni wanakuja wa sekondari, hao wamechoka kuliko wewe, wanasinzia na mkoba mgongoni. Mwisho wa mwezi unaandika ripoti za kila mtoto kwa Kiingereza, na hakuna ripoti inayosema mtoto hajui. Mimi sioni ubaya wa kazi yenyewe. Watoto wa Kikorea wana ucheshi ambao hauhitaji lugha, na mwalimu aliyewapenda huwa wanamfuata hadi kituo cha basi. Ubaya ni kudhani unakwenda kuwa mwalimu kama yule aliyekufundisha sekondari. Unakwenda kwenye biashara, na mtoto akihama, kikao cha kesho yake ni juu yako.

Kifungu cha 9 sikukipenda hata kidogo. Kinasema utakatwa kodi ya 3.3% na "hakuna makato mengine", kana kwamba umependelewa. Danganya toto hiyo. Makato ya 3.3% ni ya mtu aliyejiajiri. Wewe unapangiwa saa, chumba, kitabu na nyumba. Huo ni uajiriwa, sheria haiangalii mkataba umekuitaje. Ukiandikishwa hivyo, mwajiri anakwepa kuchangia nusu yake ya bima ya afya na nusu yake ya pensheni ya taifa. Na kwako, raia wa Marekani, pensheni hiyo si hasara: Wamarekani, Wakanada na Waaustralia wakiondoka Korea moja kwa moja hurudishiwa michango yote, ya kwao na ya mwajiri, pamoja na riba kidogo. Waingereza hawarudishiwi. Kwa mwaka 2026 mchango ni 9.5% kwa jumla, mnagawana nusu kwa nusu, kwa hiyo kwa mshahara wako ni kama won 109,000 kutoka kwako na kiasi hichohicho kutoka kwake kila mwezi. Kwa mwaka zinakaribia won milioni 2.6. Mwajiri anayekufanyia "hisani" ya kutokukata anaondoka na fedha zako.

Uliza pia tawi lina waajiriwa wangapi, ukiwemo wewe. Linaonekana swali la kijinga, lakini lina mzizi. Chini ya watano, sehemu nzima za sheria ya kazi hazifanyi kazi: malipo ya ziada ya muda wa ziada, likizo ya mwaka yenye malipo, kinga ya kuachishwa bila sababu. Kiinua mgongo, kima cha chini na notisi ya siku 30 hubaki. Kuanzia watano, mwaka wa kwanza unapata siku moja ya likizo kwa kila mwezi uliokamilisha, na ukivuka mwaka zinakuwa 15. Mkataba wako unasema siku 8, zote shule ndiyo inachagua. Kama ni watano au zaidi, kifungu hicho hakina nguvu.

Nyumba: omba video ya chumba chenyewe, si cha mfano. Uliza nani analipa ada ya jengo na gesi ya kupasha sakafu joto, maana Januari ya Daejeon si ya mchezo. Na ujue kwamba nyumba ikiwa kwa jina la mwajiri, siku mkikosana unapoteza kazi na kitanda pamoja. Pasipoti usimpe mtu akutunzie.

Viza ya E-2, ndiyo hiyo ya walimu wa lugha wageni, inamfunga mtu kwa mwajiri mmoja. Kuhama kabla ya mkataba kwisha kunahitaji barua ya kukuachia kutoka kwa huyohuyo unayemkimbia, isipokuwa kosa likithibitika ni lake, kama vile kutolipa mishahara. Ndiyo maana nasisitiza uchunguzi ufanyike sasa, ukiwa Minneapolis na kikombe chako cha chai. Ukishafika na mambo yakiharibika, namba za kushika ni 1350 ya Wizara ya Ajira na Kazi na 1345 ya Uhamiaji. Malalamiko ya mshahara huhitaji wakili kwa nadra, unaandika mwenyewe kwenye ofisi ya kazi ya wilaya ukiwa na taarifa za benki. Na hata tawi likifilisika, kuna mfuko wa serikali unaolipa mishahara ya miezi ya mwisho na kiinua mgongo cha miaka ya mwisho, kwa viwango vyenye ukomo. Kufundisha watoto nyumbani kwa pembeni, usijaribu. Ni kosa kwa mwenye E-2, na adhabu inaweza kufikia kufukuzwa nchini.

Umeuliza habari ya rangi na hijabu kwa sauti ya chini. Mimi nitajibu kwa sauti ya kawaida. Ni suala, ndiyo. Maombi ya hagwoni huambatanishwa na picha, na Korea haina sheria ya jumla ya kupinga ubaguzi. Miswada imepelekwa bungeni tangu 2007 na kila mara inakwama. Wako wakurugenzi wanaotupa maombi kwa kutazama picha, kwa madai kwamba "wazazi wanataka" mzungu. Wako pia ambao mwalimu wao bora ni mtu mweusi wa Atlanta au Durban na wazazi hawana neno. Wewe umeshavuka mlango huo, kama walikuona. Je, walikuona? Unasema mahojiano yalikuwa ya simu. Basi omba mengine ya video, uvae hijabu yako kama unavyoivaa siku zote, ili asiwepo wa kushtuka uwanja wa ndege. Halafu taja swala wazi. Adhuhuri Daejeon inaingia kama saa 6 na nusu, utaiwahi nyumbani. Lakini Desemba jua linazama saa 11 na robo jioni, kwa hiyo Alasiri na Magharibi zote zinaangukia katikati ya vipindi. Omba dakika kumi na chumba, uandikiwe. Mkurugenzi anayekubali hilo kwa barua pepe fupi ya kirafiki, mimi ningemwamini hata kwenye mambo mengine. Chakula utajifunza haraka: kimbap ya dukani (wali uliofungwa kwa mwani) mara nyingi ina nyama ya nguruwe, uliza kabla ya kuuma.

Mdogo wako. Hapa sina habari njema, na sitaki azungushwe na mtu. Viza ya E-2 ya Kiingereza hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini, tena shahada iwe ya huko. Pasipoti ya Tanzania, hata iwe na shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Kiingereza kinachowashinda wengi wa hao saba, haimo. Unaweza kuuona ni uonevu, nami nakuunga mkono, ila ndiyo sheria. Atakayemwambia aje kwa viza ya kutembea "halafu tutarekebisha" anampeleka kwenye kazi haramu, mahali ambapo mwajiri akigoma kumlipa hatakuwa na ujasiri wa kwenda ofisi ya kazi. Mpango wa serikali wa kuajiri vibarua wa viwandani nao ni kwa nchi za Asia tu.

Njia yake ya halali ni masomo. Ufadhili wa serikali ya Korea, unaoitwa Global Korea Scholarship, hulipia ndege, ada, posho ya kila mwezi na mwaka mmoja wa kujifunza Kikorea kabla ya shahada ya uzamili, na mwombaji awe chini ya miaka 40. Mwalimu wa lugha ana kitu cha kuandika kwenye mpango wake wa utafiti kuliko waombaji wengi, hasa akijua kwamba Hankuk University of Foreign Studies husomesha Kiswahili kwa Wakorea. Nafasi za uzamili hutangazwa mwanzoni mwa mwaka, kwa kawaida Februari, kupitia ubalozi wa Korea na vyuo vyenyewe. Aanze sasa kufuatilia nakala za vyeti zilizothibitishwa na barua mbili za wadhamini, kwa sababu hizo ndizo huchelewesha watu wa Dar kila mwaka.